Siku ya Kuitwa Majina

Alby, Stockholm
13 Aprili 2025

Elvire mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Kulwa, yule Msukuma wa Hässelby tunayesali naye, aliyekuwa likizo huko. Aliifunga pamoja na dagaa wake, kwa hiyo niliinusa kabla sijaisoma. Nashukuru sana. Mama yako, dada Emérithe, naye mwambie nimepokea salamu zake, na mwandiko wake mwishoni mwa ukurasa nimeutambua, ule unaoegemea kushoto kama mtu anayepita kwenye upepo.

Mimi ni mzima. Bado niko kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kazi yangu ni kuyakunja yakitoka kwenye mashine yangali moto, na kwa sababu hiyo mikono yangu haijui baridi hata theluji ikiwepo. Leo ni Jumapili ya Matawi. Mitende hapa hakuna, tulishika vitawi vya mti mmoja wenye machipukizi laini kama masikio ya paka.

Basi umepata nafasi ya kuja kusoma sayansi ya maji, na ufadhili juu yake. Nilikuwa nimesimama nilipofika hapo. Nikaketi, nikarudia. Sijui kama nilifurahi, nafikiri nilifurahi. Unisamehe kusema hivyo. Tangu binti yangu Elise atutoke mwezi wa nane mwaka jana, siku chache kabla hajaanza chuo hicho hicho, furaha ikija kwangu naitazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Unaomba nikuandikie kila kitu ambacho mwanafunzi mgeni anapaswa kujua. Mimi niliishia darasa la saba, tena la kambini. Lakini kuna ninayoyajua, maana Elise alijiandaa kiangazi kizima na jioni alikuwa ananifundisha nikiwa jikoni, kana kwamba mwanafunzi ni mimi.

Koti usinunue huko. Makoti ya mnadani yatakupa baridi iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Hapa tutatafuta la kweli. Vyeti vyako vibebe mkononi, visiingie kwenye sanduku. Ukiona kwenye ratiba kwamba somo ni saa nne, mwalimu ataanza saa nne na robo. Ni desturi yao ya zamani wala hakuna anayeieleza, wageni hufika mapema na kukaa peke yao ukumbini wakidhani wamekosea siku. Kufua nguo kuna zamu. Unaweka jina lako, na saa yako ikiisha unatoa nguo hata kama zinadondosha maji. Mtu asipokusalimu kwenye ngazi, hajakukasirikia. Kutoka kwangu utapanda treni ya chini kwa chini, ile ya laini nyekundu, utashuka Östermalmstorg na kungoja nyingine upande uleule, mpaka kituo cha Universitetet. Elise alikwenda na kurudi mara nyingi, bila shughuli yoyote, ili miguu izoee.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya kwanza wanaita majina. Wenyewe wanasema upprop. Ukiitwa na usiitike, nafasi yako anapewa mwingine, hata kama una barua zote. Siku hiyo ni tarehe moja Septemba. Elise aliiogopa sana. Alinifanya mwalimu: nilikaa mezani na gazeti, nikawa nasoma majina ya watu waliotangazwa humo, na katikati yao namchomeka yeye. Alikuwa amesimama juu ya kochi. Nikifika kwake anaitika "Ja!" yaani ndiyo, mpaka jirani wa chini anagonga. Nilimwambia, "Hilo si itiko, hilo ni king'ora." Akasema, "Baba, heri wanicheke kuliko waniruke."

Chumba chake kipo. Nitakitengeneza kiwe chako. Na jambo moja zaidi. Mwaka ukitimia, kwetu msiba hufungwa mbele ya ndugu. Mimi hapa nina marafiki tu, wa damu sina hata mmoja. Nimeamua kungoja mpaka wewe uwepo, mwisho wa mwezi wa nane, ndipo niwaite watu. Wewe ndiye utakuwa nyumba yetu.

Niandikie kwa karatasi kama hivi. Simu nimeizima tangu ule usiku polisi waliponipigia. Ikilia, moyo wangu unakimbia kabla yangu.

Mjomba wako,
Sixte


Kigoma
9 Mei 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua ndiyo inaishia, barabara ya kwetu imebaki mashimo. Sote tupo. Marehemu Baba angekuwepo angesema umemshinda kwa urefu wa barua. Mama anakusalimu sana. Amepumzika kwenda sokoni kwa sasa, meza yake ya vitenge kamwachia jirani. Anasema ni miguu.

Nilimsomea barua yako kwa sauti. Alicheka kwenye dagaa, akacheka kwenye king'ora, halafu akaniambia, "Basi, pumzika kidogo," akageukia ukutani. Nikaendelea kimya peke yangu.

Mjomba, nakuahidi nitakuwepo msiba ukifungwa, na tarehe moja nitaitika hadi wazibe masikio. Maombi ya kibali nimeshatuma. Marafiki wamenipa jina, wananiita "Msweden," hata dukani nikidai chenji naambiwa, "Msweden naye anahitaji chenji?"

Nina maswali. Je, nije na mchele? Chumba kina meza? Wanafunzi wakiwa na shida wanamwambia nani? Nimeangalia ramani nikaona kuna ziwa karibu kabisa na Alby. Nimefurahi mno. Unajua mimi nimekulia ufukweni Bangwe, siwezi kukaa mbali na maji. Watu wanaogelea humo?

Swali la mwisho uniwie radhi. Mama alituambia kwamba Elise alipata ajali, basi. Ilikuwa gari? Ninakwenda kulala kitandani kwake, na ningependa kujua.

Mwanao,
Elvire


Alby
8 Juni 2025

Elvire mwanangu,

Marahaba, marahaba. Leo ni Pentekoste, jua halitaki kuzama, watoto wanacheza mpira chini ya dirisha na wazazi wao wanawaita kwa Kirundi, nao wanajibu kwa Kiswidi kwamba wanakuja, na hawaji.

Mchele usibebe, upo. Meza ipo, nimeipaka rangi upya, nyeupe. Pazia nimebadilisha, lililokuwepo nimelikunja na kulihifadhi. Mwanafunzi mwenye shida ana ofisi ya kwenda, lakini huko wanangoja uende mwenyewe, hawaji kukuuliza. Kwetu mtu akinyamaza watu wanamfuata. Hapa mtu akinyamaza wanamheshimu. Ukilijua hilo mapema, utaokoka. Usinyamaze.

Juzi Kulwa alikuja na makoti mawili. Akaniuliza, "Huyo mtoto mnene au mwembamba?"

Nikamwambia, "Nilimwacha akiwa na miaka mitano."

"Mfupi?"

"Wakati ule alikuwa mfupi."

"Kaka Sixte, wewe ni mjomba wa namna gani? Umempakia meza rangi na hujui kama atafika juu yake!"

Nilicheka. Kisha akaacha jekundu, kubwa, akasema nyama zitalifuata. Hata hivyo nitumie kimo chako.

Miguu ya mama yako imekuwaje? Umeigusa kwa neno moja na kupita.

Nitakuambia kitu kuhusu mama yako ambacho yeye hawezi kukusimulia, atasema ni upuuzi. Tulipokuwa wakimbizi kutoka Burundi kambini Mtabila, siku ya mgawo wa chakula watu walipanga foleni na majina kuitwa kwa kipaza sauti. Asiyeitika alirukwa, na kurudi nyuma ilikuwa kazi. Nilikuwa kijana, malaria imenilaza hemani. Wakaita, "Sixte!" Emérithe akapaza sauti, "Yupo!" Yule karani akauliza, "Yuko wapi?" Akajibu, "Yupo, ana homa tu." Wakaandika. Tangu siku hiyo, hata nilipopona, alikuwa ananitangulia. Naitwa, naye kaitika. Watu walinitania kwamba mimi sina mdomo. Ndugu kumwitikia ndugu lilikuwa jambo la kawaida pale. Ilitosha mtu mmoja wa nyumba yenu awe amesimama kwenye foleni.

Niambie tarehe ya ndege ukiipata.

Mjomba wako,
Sixte


Mwanza
30 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Mwanza, tumekuja na Mama mara moja kwa shughuli fulani. Anakusalimu. Kibali kimetoka! Nilipoona ujumbe nilipiga kelele, watu wote wa kwenye benchi wakanigeukia. Kimo changu nafika begani kwa mlango, si mnene. Koti jekundu nalitaka hivyo hivyo.

Lile la foleni nilimsomea Mama. Alisema, "Huyo mwongo, alikuwa na mdomo, tena mkubwa." Lakini alifurahi siku nzima.

Maswali mawili umeyaruka, Mjomba. La ziwa na la Elise. Sikulazimishi. Ila wewe mwenyewe umeniambia nisinyamaze.

Elvire


Alby
20 Julai 2025

Elvire mwanangu,

Kwanza Mungu asifiwe kwa kibali. Niliipeleka barua yako kanisani kwenye sala yetu ya Ijumaa jioni, nikawasomea wote katikati ya kelele. Israël, baba mmoja anayetokea Märsta, alipiga makofi peke yake kabla wengine hawajaelewa.

Umesema kweli. Maswali yale ni swali moja.

Elise alitoka mjini siku hiyo, chuo kilikuwa kimewaita wageni kuwatembeza na kuwaonyesha maktaba. Alirudi na mfuko wa kitambaa wenye jina la chuo, ndani kalamu na tufaha. Tufaha akanipa mimi. Joto lilikuwa kali. Rafiki yake Nora akampigia kwamba wanakwenda ziwani kusherehekea. Alisema, "Baba, nisubiri tule pamoja." Alijua kuogelea. Nora anasema walikuwa wanacheka, wakamwona, kisha hawakumwona. Maji hayo jua linapasha juu tu, chini yana baridi ya kushika misuli. Hivyo ndivyo walivyonieleza hospitalini. Walimtafuta na boti. Simu ilinijia usiku, chakula kikiwa bado mezani kimefunikwa.

Huku hawaziki upesi. Tulingoja wiki na wiki, mpaka tarehe yake ya kuitwa majina ikapita akiwa bado hajazikwa. Siku hiyo nilikaa nyumbani nikiangalia saa, nikajua sasa wanalisoma jina lake, na ukumbi umenyamaza.

Ziwa hilo naliona nikienda kituoni. Limetulia kabisa, lina bata. Wewe unakuja kusoma maji. Labda siku moja utaniambia yana nini.

Sasa na mimi nauliza. Mmefuata nini Mwanza? Najua kilichoko Mwanza. Watu wa Kigoma hawaendi Mwanza kwa ajili ya miguu.

Tufaha sikulila. Lilikauka, nimeliweka kwenye kikombe.

Mjomba wako,
Sixte


Kigoma
11 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu hazinitoki vizuri.

Barua yako ya ziwa imefika jana. Sikumsomea Mama. Asante kwa kuniambia. Nimekaa nayo Bangwe mpaka maji yakaanza kunitisha, mimi niliyezaliwa hapo.

Mama haumwi miguu. Ni tumbo. Ni uvimbe, walianza kuuona tangu mwezi wa pili. Mwanza wamemfungua tumbo, wakafunga. Daktari aliniita pembeni akasema turudi nyumbani, awe karibu na watu wake. Mama alinikataza nisikuandikie haya. Maneno yake ni haya: "Sixte bado hajapumua. Mwache kwanza apumue." Kila mara nilipomaliza barua alikuwa ananiuliza, "Umeandika?" nami najibu, "Sijaandika." Ndiyo maana barua zangu zilikuwa fupi, zilikuwa zinaizunguka nyumba tu.

Sasa hainuki kitandani. Namgeuza asubuhi na jioni. Jana aliniambia, "Wewe panda ndege yako." Nikamwambia nitapanda. Sitapanda, Mjomba. Tiketi wafadhili wameshanitumia, inalala kwenye simu yangu kama kitu cha mtu mwingine. Hakuna wa kumgeuza.

Nimepiga namba yako ya zamani, haiiti. Nilitafuta msafiri wa Stockholm, sikumpata. Naituma hii kwa posta, na naomba ikufikie kabla hujawaita watu. Nilikuahidi nitakuwepo. Nilikuahidi mambo mawili, na yote mawili nimeyavunja kwa pamoja.

Chuo nimewaandikia. Hawajanijibu.

Mwanao,
Elvire


Alby
2 Septemba 2025

Elvire mwanangu,

Uko wapi? Barua ya mwisho niliyo nayo ni ya Mwanza. Naandika hii bila kujua inakukuta wapi, natuma Kigoma kwa sababu sina pengine.

Nilikwenda Arlanda Ijumaa, nikaenda tena Jumamosi, nikasimama pale watu wanapotokea na mizigo, koti jekundu mkononi. Kila msichana mweusi mwenye urefu wa kufika begani kwa mlango nilimwangalia hadi akaniogopa. Watu niliowaita kufunga msiba nimewarudisha. Israël alikuwa ameshapika. Kulwa akasema, "Kaka Sixte, watoto wa siku hizi wanafikia kwa wenzao. Nenda kwenye kuitwa majina. Huko hakosi." Basi jana nikaomba ruhusa kazini, nikavaa koti langu la kanisani, nikapanda treni na kubadilisha Östermalmstorg.

Nilifika saa kamili. Nilisahau robo saa yao, mimi niliyekufundisha. Nikakaa peke yangu ukumbini kama wale wageni niliokuambia.

Kisha wakaingia vijana, wakajaa. Wengine hawakukaa, walisimama nyuma na mabegi mgongoni. Nikamwuliza kijana wa karibu yangu, "Mbona hawakai?"

"Hawa hawana nafasi, mzee. Wanangoja mtu asiitike."

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye nywele. Akaanza kusoma. Walikuwa wanaitika taratibu, wengine wanainua kidole tu. Halafu akasema, "Elvire Gervas."

Niligeuka nikaangalia mlango.

"Elvire Gervas?"

Kule nyuma niliona begi moja likishuka begani. Mwanangu, sikupanga. Nilijikuta nimesimama, na nimesema "Ja!" kwa sauti ile ya juu ya kochi.

Walicheka, si kwa ubaya. Mwalimu akashusha miwani. "Wewe ndiye Elvire?"

"Hapana. Mimi ni mjomba wake. Yupo."

"Yuko hapa chuoni?"

"Yupo," nikasema. "Yuko njiani."

"Inabidi aitike mwenyewe."

"Kwetu ndugu anaitika."

Akaniambia kwa upole kabisa, "Naelewa. Lakini hapa siwezi kuandika mtu nisiyemwona." Nikabaki nimesimama. Sikujua mtu anakaaje baada ya hapo. Yule kijana akanivuta mkono, "Kaa, mzee, kaa tu."

Mwishoni akasoma majina ya waliosimama. Wa kwanza aliitwa Tracy. Msichana huyo alifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Kupita kwangu akasema, "Samahani." Nikamwambia, "Pita, mwanangu, ukae."

Elvire, mwaka mzima nilifikiri jina la Elise lilisomwa ukumbi ukanyamaza, basi. Sikufikiri kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma akilisubiri. Kuna msichana mahali fulani hapa mjini anakwenda mwaka wa pili sasa. Namwombea mema. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa sina kitu ndani.

Niandikie. Hata neno moja.

Sixte


Kigoma
30 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole, na utusamehe.

Barua yangu ya mwezi wa nane bila shaka sasa unayo, umekwisha kujua. Mama alifariki tarehe nne Septemba, asubuhi, nikimpaka mafuta miguuni. Tulizika kesho yake. Majirani wote wa sokoni walikuja, meza zao zikakaa zimefunikwa.

Yako ya ukumbini imefika juzi, yeye hayupo tena kuisikia. Nimeisoma mara nyingi. Natamani ningekuona umesimama pale. Nafasi nilikuwa nimeshaipoteza, lakini sikujua kwamba kuna aliyeniitikia.

Nataka ujue hili. Siku zake za mwisho alikuwa amerudi kambini. Alizungumza na watu wa foleni, aliuliza kama mafuta yamefika. Mara kwa mara alitega sikio, kama ameitiwa kitu, halafu anasema kwa nguvu tusizojua zinatoka wapi, "Yupo! Yupo, ana homa tu!" Wanawake waliokuwa wanakesha naye waliuliza ni nani huyo mwenye homa. Nikawaambia ni mdogo wake, yuko Stockholm.

Nitabaki Kigoma. Meza ya vitenge nimeichukua mimi. Koti mpe mwingine, lisikae bure.

Mwanao,
Elvire


Alby
1 Novemba 2025

Elvire mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili nilizipokea zikiwa zimepishana kidogo tu. Ya kwanza ilikuja baada ya ukumbi, ikaniambia kwamba dada yangu yuko hai, anaumwa; nikawasha simu ile niliyoizima, na kabla sijapata ujasiri wa kubonyeza namba, ya pili ikaingia. Nimeizima tena.

Sina la kukulaumu. Ulikuwa unamgeuza. Mimi nilikuwa napaka meza rangi.

Leo watu wa huku wanawasha mishumaa makaburini. Ni siku moja katika mwaka ambayo giza lao linapendeza. Nilikwenda na Kulwa na Nora. Nora hazungumzi Kiswahili, na Kulwa Kiswidi chake ni cha kazini, lakini walishikana mikono. Nora alivaa lile koti jekundu. Nilimpa, maana tangu siku ile ya ziwa amekuwa akisikia baridi hata ndani ya nyumba. Niliwasha mshumaa wa Elise, nikawasha wa mama yako pembeni yake, upepo ukauzima wa mama yako, nikauwasha tena. Kulwa aliniuliza, "Kaka, na ule msiba utaufunga lini?" Nikamwambia sitaufunga. Ulikuwa mmoja, sasa ni miwili, na wa kukaa nami wakati wa kuifunga ndiye dada huyo niliyemwashia mshumaa. Kulwa alinishika bega tukatembea.

Nimekuwa nikifikiri juu ya ile sauti ya mama yako. Miaka yote hii nimepita humu mjini, ofisini, hospitalini, kwenye foleni za kila namna, nikiitwa na kuitika mwenyewe kwa sauti ndogo. Na kumbe kwenye kitanda kile Kigoma bado alikuwa ananitangulia. Sasa nikiitwa nitachelewa kidogo kuitika, kwa mazoea, nikimngoja yeye aseme.

Chumba kipo vilevile, meza ni nyeupe. Usije kwa ajili yangu. Uza vitenge, olewa ukitaka, ukae karibu na kaburi lake.

Nina ombi dogo. Ninyi huko jioni mnasali, na najua mnataja majina, wazima na waliotangulia, maana mama yako alitulea hivyo. Ukimaliza la Emérithe na la Elise, taja na langu. Likitajwa, mmoja wenu aitike, yeyote tu, hata mtoto wa jirani. Aseme nipo.

Unikumbuke.

Mjomba wako,
Sixte